Kopo Sawa kwa Kila Ng'ombe

4 Juni

Leo mama mkwe ametamka mbele ya mwenye bucha, huku mimi nimesimama na ndoo ya maziwa mkononi, kwamba mwisho wa Oktoba Mifupa anaondoka. Majani makavu tuliyoweka akiba yatawafikisha ng'ombe watatu mpaka hapo, kisha yatabaki ya wawili tu hadi mvua zinyeshe. Mwenye bucha alimtazama Mifupa kuanzia pembe hadi mkia, akasema huyo atafaa kwa supu. Shemeji akavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Ndoo niliyoshika ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya huyo huyo wanayemcheka.

Nikikasirika lazima mikono ifanye kitu. Nilipokuwa na saluni yangu nilimsuka mteja nywele mpaka hasira ziishe. Hapa kwa wakwe hakuna wa kusuka, kwa hiyo naandika.

5 Juni

Nimelala hasira, nimeamka nazo.

Niwe wa haki lakini. Mama mkwe si mtu mbaya, ni mtu wa haki kupita kiasi. Ana watoto wawili, pacha: mume wangu, dereva wa lori ambaye yuko barabarani kuliko nyumbani, na shemeji, fundi seremala ambaye yuko nyumbani kuliko kazini. Akimnunulia mmoja shati, anamnunulia na mwingine, rangi moja, hata kama mwingine hana shida ya shati. Chakula anapakua kwa upawa uleule mmoja. Na bandani ni hivyohivyo: kopo moja la pumba na mashudu kwa kila ng'ombe asubuhi, kopo moja jioni, limefutwa juu kwa kiganja lisizidi wala lisipungue. Majirani wanamsifu kwa hilo.

Matokeo yake ndiyo haya. Bibi Harusi amenawiri, ngozi inang'aa, nyama imeviringika mpaka kwenye shina la mkia, na wapita njia wanasimama kwenye uzio kumsifia. Maziwa yake hayajazi jagi. Mpole yuko katikati kwa kila kitu. Mifupa aliyezaa Machi anatoa maziwa kuliko wenzake wawili wakijumlishwa, na mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani. Wapita njia haohao wanamuuliza mama mkwe kama anamnyima chakula. Hilo ndilo linalomchoma, nadhani. Na tangu azae Mifupa hajaonyesha joto hata siku moja, basi wamempa na jina la pili: tasa.

11 Juni

Daktari wa mifugo alikuja kuchanja. Ni dada anayeongea haraka na kutembea haraka zaidi. Nilimshika mkono wa koti kabla hajapanda pikipiki, nikamuuliza kwa nini ng'ombe anayekula sawa na wenzake anakonda peke yake.

Alinirudisha bandani, akaniwekea mkono kwenye mgongo wa Mifupa, kisha mbavuni, kisha kwenye nyonga, kisha pale mkia unapoanzia. Alisema unene wa ng'ombe haupimwi kwa macho, unapimwa kwa vidole. Unampa alama: moja ni mifupa mitupu, tano ni pipa. Mifupa alimpa moja na nusu. Bibi Harusi alimpa nne na nusu, akakunja uso kana kwamba huyo ndiye mgonjwa.

"Huyu si mgonjwa," alisema. "Ni dhaifu kwa sababu anatoa asichokula. Maziwa mnayokunywa yanatoka mgongoni mwake. Na mwili unaojikopa hivyo hauwezi kufikiria mimba. Si tasa huyu. Amechoka tu."

Nilibaki nimeweka kiganja pale kwenye mkia. Miaka yote ya saluni vidole vyangu vimejua nywele iliyokosa lishe hata kabla mwenyewe hajavua kitambaa. Vilikuwa vinapita kwa ng'ombe huyu kila siku na sikuwahi kuvisikiliza.

12 Juni

Nimemweleza mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema katika nyumba yake hakuna kipenzi, awe mtu au mnyama. Mume wangu kwenye simu kasema mama ana nia njema. Nimemwambia nia njema haikamuliwi. Akasema mtandao unakatika.

14 Juni

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya chai.

19 Juni

Mama mkwe amekwenda kumuuguza dada yake, atarudi keshokutwa. Shemeji hashughuliki na banda hata kwa dawa. Nimepiga moyo konde. Leo Mifupa amekula anavyostahili: makopo hata sikuyapima, pamoja na unga wa mahindi uliokuwa umebaki kwenye gunia. Alikula bila kuinua kichwa. Nikamwambia, kula mwanamke mwenzangu, leo ni zamu yako. Nimejisikia vizuri ambavyo sijajisikia tangu nifunge saluni.

20 Juni

Nimempa tena, zaidi ya jana. Kesho nitamwonyesha mama mkwe ndoo.

21 Juni

Nimekaribia kumuua.

Asubuhi nilimkuta amesimama kona ya banda, kichwa chini, masikio yamelegea, hacheui. Kinyesi kilikuwa maji matupu ya rangi ya kijivu, na nilipomgusa ubavu wa kushoto tumbo lilicheza kama mtungi uliojaa nusu. Nilimkamua nikapata maziwa ya kuweka kwenye chai tu. Nilimpigia daktari simu, nikakosea namba mara mbili.

Daktari alinusa pumzi yake, akaangalia gunia tupu la unga, akanigeukia. Sikutaka kudanganya, nikamwambia nilichofanya. Alifungua begi, akanishikisha kichwa cha Mifupa, tukammiminia dawa kwa chupa kupitia pembeni mwa mdomo, nusu ikaingia kwake na nusu kwenye gauni langu. Huku akifanya kazi alinisema. Tumbo la ng'ombe limezoea majani, alisema, ukilishtukiza na unga mwingi kwa siku mbili linachacha lote. Mwenye njaa ya muda mrefu huongezwa kidogo kidogo, na majani kwanza. Kuanzia sasa ni majani makavu na maji tu, na atembezwe, asilale.

Tulikuwa katikati ya hayo mama mkwe alipoingia getini na mfuko wake wa safari. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua atasema nini, nilikuwa nimeshamsikia kichwani: nilikwambia.

Aliweka mfuko chini, akajifunga leso kiunoni, akashika kamba upande wa pili. Daktari alipoondoka tukaanza kumzungusha Mifupa uwanjani, mimi kushoto, yeye kulia, juani, mzunguko baada ya mzunguko. Shemeji alitoka, akatuona nyuso zetu, akarudi ndani taratibu. Jua lilipoanza kuinama ndipo mama mkwe akafungua mdomo, akiwa anatazama mbele.

Alisema baba yake alikuwa na mke kipenzi. Watoto wa kipenzi walikunywa maziwa, na yeye na ndugu zake walipewa maji yaliyosuuziwa ndoo, meupe kidogo kwa juu. Mdogo wake mmoja hakukua. Aliapa kwamba siku akiwa na nyumba yake, hakuna atakayekula zaidi ya mwenzake.

Miezi yote nimemwona kama mwanamke mwenye kichwa kigumu na kopo mkononi. Sikujua kopo lile lilitoka wapi. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu. Lakini mimi nikiwa na neno tumboni silali, kwa hiyo nilimuuliza:

"Mama, ulipokuwa unanyonyesha pacha wako, ulikula sahani sawa na wenzako?"

Alitembea hatua kadhaa.

"Nilikula mbili," alisema. "Na bado nguo zilinivuka."

"Kuna aliyekuita kipenzi?"

Alimpiga Mifupa kofi dogo la mgongoni asisimame, tukaendelea.

22 Juni

Mifupa amecheua. Nimelia bandani kama mtoto.

24 Juni

Mama mkwe kaniita jikoni, kanipa chai, kisha hukumu. Nimlishe nitakavyo, ila kidogo kidogo kama alivyosema daktari, na nisimfiche kitu. Mwenye bucha akija mwisho wa Oktoba, kama Mifupa hana mimba anakwenda naye, na mimi sitafungua mdomo. Nimekubali. Shemeji alikuwa mlangoni, akasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimemwambia ni ng'ombe, na gunia ni kichwa chake.

2 Julai

Kuna jambo nilikuwa silioni kwa sababu nilikuwa nalitazama kila siku. Hori letu ni moja refu. Bibi Harusi akimaliza la kwake anasogea tu, anampiga Mifupa bega, anamalizia la mwenzake. Kwa hiyo hata ile haki ya kopo haikuwa haki. Nilimwita mama mkwe aje aone kwa macho yake. Alisimama mpaka hori likaisha, akashika kiuno. Akamwita shemeji na misumari yake.

5 Julai

Shemeji anapima.

9 Julai

Shemeji bado anapima. Penseli iko sikioni, mbao ziko palepale.

13 Julai

Amemaliza, na lazima niseme ukweli: kazi ni safi. Kila ng'ombe ana sehemu yake, na kichwa cha jirani hakipenyi. Amezipa jina la vyumba vya hoteli na anawaleta marafiki zake kuvitazama. Mifupa anakula mpaka mwisho bila kugeuza shingo. Sijawahi kumwona akila bila woga.

Sasa ni hivi. Majani wote sawa, kadiri wanavyoweza, na maji wakati wote. Makopo yanafuata maziwa. Mifupa anaongezwa taratibu, Mpole anapata lake, na Bibi Harusi anapata majani tu. Leo jioni amenguruma kwa kudai kopo lake mpaka majirani wakauliza nani amefiwa. Mama mkwe aliingia ndani akafunga dirisha. Kugawa hivyo kwa mkono wake hawezi. Ananiachia mimi.

20 Julai

Bomba limekauka tangu juzi. Nimebeba ndoo mpaka mabega yananiuma. Mifupa anakunywa kana kwamba anazima moto tumboni, na bila maji maziwa yanashuka siku hiyohiyo, kwa hiyo nabeba.

21 Julai

Maji. Mabega.

22 Julai

Nimetoka asubuhi nikakuta mapipa yamejaa. Shemeji amejifanya amelala.

29 Julai

Daktari kampapasa Mifupa: mbili. Nusu alama nzima. Nami nilikuwa nimeshampa mbili kwa vidole vyangu kabla hajafika, nikanyamaza nione, akasema vilevile. Maziwa yamepanda na hayajarudi nyuma. Mpokeaji wa kituo cha maziwa leo kaniuliza kama tumenunua ng'ombe mwingine. Nimemjibu hapana, tumemlisha tuliyenaye. Nimetembea njia yote ya kurudi kifua mbele.

9 Agosti

Mifupa yuko kwenye joto!

Nilikuwa naanika nguo nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, kisha shemeji akipiga kelele kwamba ng'ombe wameingiwa na wazimu. Mifupa alikuwa amempanda Bibi Harusi mgongoni, miguu inaning'inia, na Bibi Harusi amesimama na uso wa mtu aliyetukanwa hadharani. Mama mkwe alitoka mbio na kandambili moja mguuni, simu sikioni, anampigia bwana wa mbegu, yule anayepandisha ng'ombe kwa mrija, na kumwambia aache chochote anachofanya. Yule bwana alimuuliza ni ng'ombe gani. Akasema, yule mwembamba. Kisha akajisahihisha: aliyekuwa mwembamba.

Amepandishwa alasiri. Sasa tunasubiri.

10 Agosti

Kuanzia leo ninaye mtu wa kumwogopa, naye ni kalenda. Kama hakushika, baada ya wiki tatu atarudi kwenye joto.

18 Agosti

Jua kali. Hakuna kipya, ashukuriwe Mungu.

30 Agosti

Leo ndiyo wiki tatu. Nimebeba kigoda nikakaa bandani tangu kumkamua asubuhi. Kila akigeuza shingo nasimama. Kila akilia natafuta kama ni ule mlio. Alasiri mama mkwe naye akaja na kigoda chake na kikapu cha maharage ya kumenya. Alisema tu kwamba alipokuwa mwali katika nyumba hii, mama mkwe wake yeye hakuwahi kukaa naye hivi. Nikachukua fungu la maharage nikamsaidia.

Mifupa amecheua siku nzima kwa utulivu wa ajabu.

2 Septemba

Bado kimya. Sitaki kusema kitu.

16 Septemba

Hakuna jani bichi popote. Rundo la majani makavu limeshuka chini ya dirisha, sasa naona upande wa pili wa uwanja. Kila nikitoa fungu natamani liwe dogo zaidi na najua haliwezi.

Leo nimemfumania mama mkwe. Alikuwa bandani peke yake, kiganja mbavuni mwa Mifupa, anabonyeza pole pole na midomo inachezacheza. Aliponiona akaanza kufukuza nzi ambao hawakuwepo. Nikamuuliza anampa ngapi. Akasema hajui mambo hayo ya kitabibu. Alipofika mlangoni akageuka: "Mbili na nusu. Labda na ushei."

Nampenda mwanamke huyu. Sikutegemea kuandika hivyo.

3 Oktoba

Mwenye bucha kapita, kakaa na shemeji kibarazani. Nilisikia anauliza habari za supu yake. Shemeji akamwambia achunge mdomo, huyo ng'ombe ana chumba chake mwenyewe katika nyumba hii. Nikadhani nimesikia vibaya.

17 Oktoba

Sikula asubuhi. Daktari alisema atakuja mapema, akachelewa, na nilifagia banda mara mbili kwa kukosa la kufanya. Mume wangu yuko likizo fupi na alisimama nyuma yangu kama mtu aliye hospitalini. Wote walikuwepo, hata shemeji, kofia mkononi.

Daktari alivaa glavu ndefu mpaka begani, akamsemesha Mifupa, akaingiza mkono. Alitazama dari. Sisi tulimtazama yeye. Alisogeza mkono, akasimama, akasogeza tena. Nilikuwa nimeshika nguzo ya hori, na nilijiambia kwamba akitikisa kichwa nitatoka nikatembee mpaka niishiwe nguvu, sitalia mbele ya watu.

"Ana mimba," alisema. "Miezi miwili na kidogo. Imekaa vizuri kabisa."

Mama mkwe akauliza kama ana hakika. Daktari akasema mkono wake haujawahi kumdanganya. Mume wangu alinikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na shemeji akapiga hori ngumi mbili akidai kwamba vyumba vyake ndivyo vilivyoleta mtoto. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa nimeshinda. Nimeandika neno hilo na nalitazama: nimeshinda.

Kisha mama mkwe akasema, "Na huyu?"

Alikuwa anamwonyesha Bibi Harusi. Tangu Aprili tumesema ana mimba kwa sababu alipelekwa kwa dume la jirani na tumbo lake limejaa. Hakuna aliyewahi kumpima. Nani ampime mtu mwenye afya hivyo? Daktari aliingiza mkono, na safari hii hakutazama dari muda mrefu. Alisema hakuna kitu humo ila mafuta, na ndiyo yanayomzuia.

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Alimkuna Bibi Harusi shingoni, pale anapopenda, kisha akaingia ndani.

28 Oktoba

Mwenye bucha amekuja na kamba na watu wawili. Wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri, la kwanza la maana tangu Mei. Majirani walikuwa kwenye uzio, kwa sababu habari za bucha hazifichiki. Alisalimia, akamwambia mama mkwe amekuja kwa lile la Juni.

"Muulize mkwe wangu," alisema mama mkwe. "Banda ni lake. Atakayemtaja ndiye atakayeondoka."

Alisema kwa sauti ya kufika kwenye uzio. Sikuwa nimeambiwa kitu kabla. Mume wangu alinitazama, na shemeji akatazama viatu vyake, na mama mkwe hakutazama popote, alisubiri tu. Nilijua anachonipa, na nilijua kinamgharimu nini. Yule ndiye ng'ombe aliyekuwa akimfanya atembee kichwa juu mbele ya watu hawa wote.

"Bibi Harusi," nilisema. "Mifupa haendi popote, ana ndama tumboni."

Mwenye bucha akadhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka, akaenda akasimama mbele ya Mifupa, akamtafuta yule wa supu na hakumwona. Mgongo umejaa, nyonga zimeviringika, kiwele kizito. Jirani mmoja akauliza kutoka kwenye uzio kama huyo ni mpya. Mama mkwe akamjibu hapana, ni yuleyule, na kwamba anayetaka kujua alivyofanywa aje amuulize mkwe wake, lakini aje na mikono yake, si macho.

Walipomtoa Bibi Harusi nilimshika mama mkwe kiganja na hakukitoa. Hatukulia. Alisema ni ng'ombe mzuri na atalisha watu wengi, nami nikasema ndiyo.

Mvua imeanza nikiwa nakamua jioni, matone makubwa kwenye mabati. Mifupa amejaza ndoo ya kwanza na nikalazimika kuomba nyingine, na aliyeniletea ni mama mkwe mwenyewe, kichwa kimelowa. Niliimba kwa sauti yangu yote mbovu mpaka ndoo ya pili ikajaa, naye alisimama pale akiitikia.